Bei ikianguka, hasara inalala kwa nani?

Novemba 2018 mama alinipigia simu jioni, akiongea kwa sauti ya chini kana kwamba kuna mtu nyuma ya mlango. "Mwanangu, wanajeshi wamekuja kuchukua korosho." Nikamuuliza kama kuna aliyeumia. Akasema hapana, wamekuja na malori, wanapakia magunia pale ghalani, watu wametulia na wengine wanawapigia makofi. Kimya kidogo, kisha akauliza: "Sasa hela yetu tutaidai kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa Dar es Salaam, nimekaa kwenye foleni ya daladala, nikamwambia asubiri tuone. Lakini swali lile halikuniacha, na kadiri nilivyozidi kulifikiria ndivyo nilivyoona kwamba babu aliliuliza kabla yake, kwa maneno mengine, kwa serikali nyingine.

Mimi ni mtoto wa Newala, mkoani Mtwara, juu kwenye uwanda wa Makonde. Ukisimama Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma chini kabisa, na ng'ambo yake Msumbiji. Maji kwetu ni ya shida, udongo ni mchanga, na kinachotulisha ni mkorosho. Chuoni nilifundishwa kuhusu ubepari na serikali kama watu wawili wanaovutana kamba: huku dola, kule soko, anayevuta zaidi ndiye anashinda. Nilifaulu mtihani huo. Ila nilipojaribu kuupima kwa maisha ya nyumbani haukunipa kipimo chochote, kwa sababu kwetu serikali haijawahi kuondoka wala haijawahi kurudi. Imekuwa ikibadilisha kazi tu. Imekuwa mkulima, ikawa mnunuzi, ikawa mtazamaji, ikawa msimamizi wa mnada, halafu siku moja ikaja na malori ya jeshi. Na karibu kila ilipobadilisha kazi, tatizo lenyewe lilikuwa limeanzia mbali sana na Newala.

Nianze na babu, maana yeye aliiona serikali ikiwa mkulima.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1947 serikali ya chama cha Labour ikaanzisha mpango wa kulima karanga Tanganyika kwa mashine, kwenye mapori ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Fedha zilikuwa za umma wa Uingereza. Vifaru vya vita viligeuzwa kuwa trekta za kung'olea visiki. Bandari ya kina kirefu ilijengwa Mtwara na reli ikatandikwa kuelekea Nachingwea, ili karanga zikikomaa zisafirishwe kwa haraka. Babu alikuwa kijana, akashuka kwenda Nachingwea kutafuta kibarua, akakipata. Alikuwa akituambia, "Waingereza walikuja kutafuta siagi yao kwetu," na hakuwa anatania. Ndivyo alivyouelewa mpango ule, na alikuwa sahihi.

Karanga hazikuja. Mvua haikuwa ile iliyopangwa kwenye karatasi, mashine ziliharibika kwa visiki na udongo, na mwaka 1951 mpango ukafungwa baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 36. Reli nayo ikang'olewa miaka ya mwanzo ya sitini. Ninaukumbusha mkasa huu kwa sababu nimechoka kusikia kwamba serikali kuingia shambani ni wazo la Wajamaa wa Kiafrika. Kwenye ardhi yetu lililetwa kwanza na nchi ya kibepari iliyobanwa na uhaba. Ilipobanwa, haikulisubiri soko. Na hasara ilipokuja ilibebwa na hazina ya London. Vibarua walirudishwa makwao. Babu alirudi na blanketi, panga na akiba ya mshahara wake, akafyeka pori la ukoo na kupanda mikorosho. Baadhi ya miti hiyo mama anaiokota mpaka leo.

Hakuna aliyeamrisha kilimo hicho cha korosho. Mbegu ililetwa pwani na Wareno zamani kutoka Brazil, mti unavumilia mchanga na ukame, na bei ilikuwa inavutia. Watu walipanda wenyewe, familia moja baada ya nyingine, mpaka msimu wa 1973/74 Tanzania ikafikisha tani 145,000 na kuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa duniani. Miaka ile ile serikali ikawa mnunuzi pekee, kupitia mamlaka ya korosho iliyoitwa CATA.

Babu hakuwahi kuitukana CATA, na ninataka hilo lieleweke kabla sijaandika mabaya yake. Bei ilitangazwa kabla ya msimu, na ilikuwa moja, uwe umekaa kando ya barabara au umejificha bondeni. Mtu aliweza kupiga hesabu ya mahari mwezi wa nane kwa korosho atakazouza mwezi wa kumi na moja. Mnunuzi wa aina hiyo babu hakumpata tena mpaka anafariki.

Ila mambo yaliharibika, na hayakuharibikia sehemu moja. Operesheni Vijiji iliwahamisha watu karibu na shule na zahanati, ikawaacha mbali na mikorosho yao. Shamba usiloliona kila siku majani yanalimeza. Ugonjwa wa ubwiriunga ukaanza kuunguza maua. Vyama vya ushirika vikavunjwa mwaka 1976. Malipo yakaanza kuchelewa, na sehemu ya bei ya nje iliyomfikia mkulima ikazidi kupungua mwaka hadi mwaka. Juu ya yote, serikali ilikopa Benki ya Dunia kujenga viwanda vya kubangulia vyenye uwezo wa zaidi ya tani laki moja kwa mwaka, vikakamilika wakati korosho zenyewe zinatoweka. Nimecheza ndani ya uzio wa kimojawapo nikiwa mtoto. Mashine zilikuwa mpya, zimefunikwa vumbi, hazijawahi kuchoka.

Na duka lilikuwa tupu. Hili mama analieleza vizuri kuliko kitabu chochote nilichosoma chuoni. Anasema mwaka 1983 alikuwa na hela ya korosho mkononi na hakukuwa na khanga ya kununua. Sabuni walikata vipande vipande wakagawana na jirani. Sasa mtu apalilie shamba ili apate noti za kufanyia nini? Msimu wa 1986/87 nchi nzima ilivuna chini ya tani 20,000.

Wakati huo huo msukosuko wa mbali ulikuwa umetufikia: mafuta yaliyopanda bei kwa vipindi viwili ndani ya miaka ya sabini, ukame, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, vita vya Kagera. Hazina ilikauka. Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, lilikuja na masharti, na Mwalimu Nyerere akauliza hadharani tangu lini IMF imekuwa Wizara ya Fedha ya Kimataifa. Lilikuwa swali la haki. Lakini swali la haki halijazi matangi ya mafuta, na mwaka 1986, chini ya Rais Mwinyi, mkataba ukasainiwa. Shilingi iliyokuwa 17 kwa dola moja ikawa 40. Tukaambiwa serikali itoke kwenye biashara.

Ikatoka. Mwanzoni mwa miaka ya tisini wanunuzi binafsi walianza kuonekana kijijini, na mimi nawakumbuka kwa macho yangu: pikapu nyeupe, mizani ya kuning'iniza kwenye tawi la mwembe, mtu wa tatu amekaa juu ya gunia na begi la noti. Ukipima unalipwa pale pale. Kwa watu waliozoea kusubiri miezi, ile ilikuwa kama sikukuu. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, walikuwa wamegundua kwamba salfa inazuia ubwiriunga, watu wakaanza kupulizia, korosho zikarudi. Siwezi kuandika kwamba soko huria lilitufanyia ubaya mtupu. Lilituletea khanga, lilituletea mabati, na mimi lilinipeleka sekondari.

Kisha bei ikaanguka. Mwaka 2000 ilikuwa nzuri sana, msimu uliofuata ikaporomoka, kwa sababu za huko India ambazo hakuna aliyetueleza. Pikapu nyeupe haikuja. Tulipanga magunia barazani, tukasikiliza injini barabarani, ikipita pikipiki ndugu zangu wadogo wanakimbia kuangalia. Mnunuzi binafsi ana haki moja ambayo mkulima hana: haki ya kutokuja. Akiona haimlipi anabaki mjini na fedha zake salama. Mkulima hawezi kumwambia mkorosho usizae mwaka huu.

Mwaka uliofuata mama aliuza korosho zikiwa bado maua. Ilikuwa Julai, ada yangu ilikuwa inadaiwa, akaenda kwa jamaa anayenunua kwa kangomba. Kwa wasiolijua neno hili: kangomba ni biashara ya kumpa mkulima fedha kidogo wakati wa njaa ili korosho zikianguka zichukuliwe kwa bei ya kutupa, mara nyingi zikipimwa kwa bakuli badala ya mizani. Serikali inawaita wanaoifanya walanguzi, na kweli wanaumiza. Lakini mwezi Julai kijijini kwetu hakukuwa na benki nyingine. Aliyetupa fedha ile alikuwa jirani, na mama bado anamsalimia kwa heshima.

Mwaka 2007 serikali ikachukua kazi nyingine. Ukaanzishwa mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka korosho chama cha msingi cha ushirika, zinakusanywa ghalani, anapewa karatasi, wanunuzi wanashindana kwenye mnada, enzi hizo kwa barua za bei zilizowekwa sandukuni. Wakati ule ukipeleka unapewa malipo ya kwanza kutokana na mkopo ambao ushirika umechukua benki, na korosho zikiuzwa unapewa malipo ya pili. Kwenye karatasi ni mfumo mzuri, na kwa kweli umewaondolea wengi bakuli la kangomba. Ila tazama fedha zilivyokuwa zinatembea. Benki imemkopesha ushirika, ushirika unalipa riba, riba inaingizwa kwenye makato. Mnada ukidorora, riba inaendelea kuhesabiwa huku korosho zimelala. Anayelipa ni mwenye stakabadhi.

Mfumo ukiwa bado mchanga, dunia ikatikisika. Septemba 2008 benki ya Lehman Brothers ilianguka, na ndani ya wiki chache serikali ya Marekani ilikuwa imezishika kampuni kubwa za mikopo ya nyumba, imeiokoa kampuni ya bima ya AIG, na Bunge lao limeidhinisha dola bilioni 700 kwa ajili ya mabenki. Uingereza ikawa mwenye hisa nyingi kwenye benki yake kubwa. Nilikuwa mwaka wa pili chuo. Nilikaa maktaba nikisoma habari hizo na nikahisi uchungu ambao sikuweza kumweleza mwenzangu yeyote. Nchi hizi ndizo zenye kura nyingi kwenye IMF. Ndizo zilizotuambia mwaka 1986 kwamba serikali haina kazi sokoni, kwamba anayeshindwa aachwe ashindwe. Zilipobanwa zenyewe, serikali iliitwa usiku, na ikaitika kabla hakujapambazuka.

Baadaye hasira ilitulia, ikaja akili. Waliookoa mabenki hawakuwa wajinga: benki kubwa ikianguka inaangusha mishahara ya watu wasiojua hata jina lake. Hata hapa kwetu, Juni 2009, Rais Kikwete alitangaza Dodoma mpango wa shilingi trilioni 1.7 wa kuunusuru uchumi. Sehemu yake ililenga kufidia hasara za kampuni na vyama vya ushirika vilivyonunua pamba na kahawa kwa mikopo kabla bei ya dunia haijaporomoka, ili benki zipate ujasiri wa kukopesha tena. Mantiki yake naielewa. Bila hivyo msimu uliofuata mnunuzi asingeonekana.

Lakini hapo ndipo nilipoona kitu ambacho kimenikaa mpaka leo. Aliyenunua pamba kwa bei ya juu akauza kwa bei ya chini ana vitabu vya hesabu, ana mkopo, ana barua kutoka benki. Hasara yake ina namba na inaweza kupelekwa Dodoma. Aliyepanda, akapalilia, akapulizia dawa ya mkopo, akavuna na kuuza kwa bei isiyorudisha hata gharama za dawa, hana hata karatasi ya kuonyesha. Hasara ya mkulima haiitwi hasara. Inaitwa bei.

Aprili 2013 kule Liwale, jirani zetu wa mkoa wa Lindi, ghasia zilizuka baada ya wakulima kuambiwa malipo ya pili ni madogo kuliko waliyoyatarajia. Nyumba zilichomwa. Siungi mkono kuchoma nyumba ya mtu. Najua tu kwamba walikuwa wameshakopa kwa kutegemea ile fedha.

Sasa nirudi 2018, mwaka wa simu ya mama. Msimu wa kabla yake ulikuwa haujawahi kuonekana: zaidi ya tani 300,000, na mnadani kilo ilikaribia shilingi 4,000. Vijana walinunua pikipiki, kina mama walijenga. Katikati ya 2018, kwenye bajeti, sheria ya ushuru wa korosho ghafi zinazosafirishwa nje ilibadilishwa. Ushuru huo ulikuwa mkubwa, asilimia 15 ya thamani au dola 160 kwa tani, kile kinachozidi. Awali asilimia 65 ya fedha hizo ilirudi kwenye zao lenyewe: dawa, utafiti, miche. Baada ya mabadiliko zikaenda zote Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa Kusini walipinga sana, wakashindwa.

Miezi michache baadaye soko la dunia likashuka. Oktoba minada ilipofunguliwa, bei zilizokuja sandukuni ziliwafanya wakulima wakatae kuuza. Serikali ikataka kilo isinunuliwe chini ya shilingi 3,000, wanunuzi wakasitasita, na mwezi Novemba Rais Magufuli akatengua mawaziri wawili, wa kilimo na wa biashara, na kutangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300, na Jeshi la Wananchi litazisomba.

Watu wa mjini waliniuliza nasimama wapi, na nimechelewa kujibu. Najibu hapa. Bei ile ilikuwa ya haki, na kwa mara ya kwanza katika maisha ya mama kuna mtu mkubwa alisema hadharani kwamba hasara isilale kwa mkulima. Makofi aliyoyasikia pale ghalani yalikuwa ya kweli, na hata yeye alipiga. Lakini serikali iliingia bila akiba. Fedha za ushuru ambazo zingeweza kuwa mto wa kuangukia zilikuwa zimeshaondolewa miezi mitano nyuma. Korosho zikakaa maghalani zikipoteza ubora huku mnunuzi akitafutwa. Mkataba wa tani 100,000 na kampuni moja ya Kenya ulitangazwa kwa shangwe Januari 2019, ukaishia hewani. Ikaja kazi ya uhakiki: ukipeleka korosho nyingi lazima ithibitishwe kwamba shamba ni lako na si za kangomba. Mama aliwaonyesha wahakiki mikorosho ya babu mti kwa mti, kwa mguu, juani, na umri wake ule. Alilipwa yote, sikatai. Alilipwa mwezi wa sita, wakati palizi imepita na salfa ilikuwa ishanunuliwa kwa deni.

Ndiyo maana sijiungi na wanaosema serikali itoke, wala na wanaosema serikali ishike kila kitu. Swali lao halinisaidii. Ninachokitaka ni kitu kidogo na kinawezekana: fedha ya ushuru inayokusanywa mwaka wa bei nzuri iwekwe sehemu yake kando, kisheria, kwa jina la zao, isiguswe, ili mwaka wa bei mbaya mkulima apewe nyongeza kwa kila kilo iliyoko kwenye stakabadhi yake. Stakabadhi ipo tayari. Daftari la wakulima lipo. Mizani ipo. Wenye mabenki walipewa mto wa kuangukia kwa sababu wakianguka wanatuangusha wote, na mimi nasema mikoa ya Mtwara, Lindi na Ruvuma nayo ikianguka inaangusha watu wengi.

Oktoba 2024 mnada ulikuwa unafanyika kwa kompyuta, kupitia soko la bidhaa, TMX, na bei ikapita shilingi 4,000. Nilikuwa nyumbani kwa likizo. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka chini ya mkorosho wa babu, anazitenganisha korosho na mabibo, mikono inanuka uraka, ile pombe ya mabibo. Nikamsomea ujumbe kwenye simu. Hakushangilia. Akasema nilete daftari la mjukuu tupige mjengeko wa bei. Nikaandika makato: ushuru wa halmashauri, chama kikuu, chama cha msingi, ghala, usafiri. Yeye alinitajia kila kipengele kabla sijakifikia. Tulipopata kinachobaki akakitazama kwa muda mrefu, akaniambia nikiandike kwa kalamu nzito.

Halafu akauliza, "Na ya mwakani ikishuka, imeandikwa wapi?"

Nikamwambia mimi sijaiona popote. Akarudi kwenye korosho zake.